Mwanangu, mpoze kwanza ndipo umsafirishe

Mwanangu Zuhura,

Salamu kwanza. Umeniuliza kwa nini mtu anayetaka kuhudumia wanamichezo uwanjani akeshe na protini na utando wa seli. Swali lako ni la haki. Tangu 2022 vyuo vya Marekani haviandikishi wapya katika shahada ya kwanza ya fani hiyo ya kuhudumia wanamichezo (athletic training). Kwa kawaida mtu husoma kwanza biolojia au somo la jirani, ndipo aingie uzamili na kufanya mtihani wa bodi. Ni miaka mingi ya darasa kabla hujakabidhiwa mchezaji. Nikujibu kwa jambo moja tu, kiharusi cha joto kinacholetwa na mazoezi, maana hapo daftari na uwanja hukutana ndani ya dakika 30.

Anza na msuli. Katika nishati yote unayochoma, karibu robo tu huwa kazi. Iliyobaki ni joto. Damu hulipeleka kwenye ngozi, na jasho huliondoa linapogeuka mvuke: lita moja ikikauka yote huondoa takriban kilokalori 580. Shika hapo kwenye kukauka. Jasho linalodondoka majanini halijapoza kitu. Ndiyo maana mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, mwenye mwili mkubwa, kavaa helmeti na pedi za mabega katika unyevunyevu wa Agosti, hulowa chapachapa huku joto la ndani likizidi kupanda. Kwa hiyo usingoje ngozi kavu. Wengi huanguka jasho likiwatiririka.

Joto la ndani likivuka nyuzi 40.5 na akili ikayumba (anajibu ovyo, anakuwa mkali bila sababu, anapepesuka, anazimia), hicho ndicho kiharusi cha joto, na saa imeanza kuhesabu. Protini hupoteza umbo, na kimeng'enya kisicho na umbo lake hakifanyi kazi. Utando wa seli huvuja. Utumbo, ulionyimwa damu ili ngozi na misuli vipate, huruhusu sumu za bakteria kupenya kwenye damu, kisha ini na figo huumia. Madhara yanategemea sana dakika ambazo mwili umekaa juu ya kiwango hicho. Kanuni ya kupoza kwanza, kusafirisha baadaye, imetoka humo humo kwenye sura ya kitabu unayoiona kavu.

Joto lipimwe kwa njia ya haja kubwa. Kinywa hudanganywa na pumzi na maji aliyokunywa, paji la uso hudanganywa na jasho, kwapa na upepo. Kihisi chenye waya laini huingizwa sm 15 na kuachwa humo muda wote wa kupoza. Wanafunzi huona haya hapo. Mfunike kwa shuka, mweleze unachofanya, endelea. Kipimo cha paji kikisema 38 wakati ndani ni 41.5, mtu ataachwa kivulini akipepewa huku ini lake likiungua.

Dawa za homa usimpe. Homa hutokea ubongo unapoinua wenyewe kiwango cha joto, na paracetamol hukishusha kiwango hicho. Hapa ubongo haujainua chochote, umeelemewa tu. Dawa haina cha kushusha, na ini lina mzigo wa kutosha.

Sasa beseni, kubwa la kumtosha mtu mzima. Vua helmeti na pedi, mtumbukize hadi shingoni katika maji ya barafu, nyuzi 15 au chini yake. Pitisha shuka kifuani na chini ya makwapa, mtu mmoja aishike kwa nyuma ili kichwa kisizame, na kitambaa cha baridi kiwe kichwani. Kisha koroga, tena kwa nguvu, bila kuacha. Ukiyatuliza maji, tabaka jembamba linalogusa ngozi hupata joto na kumzunguka kama blanketi. Mkono wako unaokoroga ndio unaolivunja. Wapo wanaosema baridi itabana mishipa na kumtetemesha hata joto libaki ndani. Mishipa hubana kweli, ila tofauti kati ya mwili wa nyuzi 41 na maji ya barafu ni kubwa mno, na maji huchukua joto haraka zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Ukikoroga vizuri, joto hushuka karibu 0.2 kwa dakika: kutoka 41.6 hadi 38.9 ni dakika 13 au 14.

Kosa la kawaida ni kumtoa kwa sababu ameanza kuongea vizuri. Fuata kihisi. Kikifika 38.9, mtoe mara moja, maana joto huendelea kushuka kidogo hata akiwa nje. Gari la wagonjwa liitwe tangu mwanzo. Likifika mapema, na kama anapumua vizuri, lisubiri.

Pasipo beseni, mlaze juu ya turubai, watu wainue kingo, mwageni maji na barafu, tikiseni turubai.

Zamu yako ya kwanza, fika kabla ya wachezaji. Beseni liwe kivulini, maji nusu, barafu kwenye makasha pembeni na shuka mbili. Kihisi kijaribu hapo hapo, usiamini kwamba cha jana bado kinasoma.

Mama yako