Barua kwa Mama Pacha: usinunue hita kwanza

Nyegezi, Mwanza
Julai 2025

Mpendwa Mama Pacha,

Salamu nyingi kwenu wote huko Sengerema. Sisi hapa tu wazima, ila asubuhi za mwezi huu upepo wa ziwani unaingia hadi kwenye mifupa, na mama yangu ndiye anayeumia zaidi. Umeniuliza nikununulie hita gani ya maji ya kuoga hapa mjini, sasa nyumba yenu inaelekea kupigwa lipu. Usinunue bado, shoga yangu. Mimi nilianza kwa kununua, na yakanikuta.

Unakumbuka mama alivyohamia kwangu, magoti hayamruhusu hata kuinamia ndoo. Kila alfajiri nawasha mkaa, nabeba sufuria la maji ya moto kupita sebuleni hadi bafuni, roho mkononi nisije nikajikwaa. Nikachoka. Nikaenda mjini nikanunua hita ya shawa, ile ndogo inayofungwa palepale maji yanapotoka. Bei yake ilinivutia. Fundi akaja, akaiunga kwenye waya wa soketi ya koridoni, akalipwa, akaondoka.

Hita ile ni ya wati 5,500. Kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Waya aliouunga ulikuwa wa milimita 2.5, wakati mzigo kama huo unataka wa milimita 6, unaotoka kwenye meini swichi peke yake na breka yake. Wiki chache tu tukaanza kusikia harufu ya plastiki inaungua darini. Na hilo silo lililoniumiza zaidi. Mama alikuwa ameshaniambia mara mbili kwamba maji "yanamfinya" vidole, nami nikadhani ni ganzi ya uzee. Kumbe ni umeme. Ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, haikuunganishwa kabisa. Mama Pacha, mpaka leo nikilikumbuka hilo usiku, usingizi unakata.

Kwa hiyo wewe anza na ukuta. Kabla ya lipu, fundi apitishe waya wa milimita 6 hadi kila bafu, hata kama hita utanunua mwakani. Nondo ya ethi izikwe, na aipime kwa mita ukiwa umesimama hapo hapo. Mwambie pia aweke breka ile inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Akikuambia si lazima, tafuta fundi mwingine.

Jambo la pili ni kasi ya maji. Simtenki langu limekaa juu kidogo tu ya dari, kwa hiyo maji yanashuka kinyonge. Hita ya shawa haipendi hivyo: maji yakipungua moto unabaki uleule, yanatoka yakiunguza, na yakipungua zaidi hita inajizima, unabaki na sabuni mwilini. Nikaiondoa. Sasa nina hita ya tenki, lita 30, wati 1,500. Kuyatoa maji kutoka nyuzi 24 hadi 60 inachukua dakika kama hamsini na inakula uniti moja na robo hivi ya LUKU. Ukiyachanganya na ya baridi unapata zaidi ya ndoo tatu za maji ya kuoga, na umeme ukikatika baada ya hapo, mama bado anaoga. Tenki linahifadhi joto.

Lakini kwenu mko wengi: baba, pacha, mama mkwe, na wewe. Hapo mimi ningekushauri sola, ile ya mirija ya vioo, lita 150 au 200. Ni ghali siku ya kununua, sikufichi, ila baada ya hapo jua halidai uniti. Ielekezwe kaskazini, kwa sababu sisi tuko kusini kidogo ya ikweta na jua la Juni na Julai, ndiyo miezi ya baridi, linapita upande huo. Isilazwe bapa, maji yaliyopata joto hupanda yenyewe kuingia kwenye tenki, na lazima yapate mteremko wa kupandia. Halafu mwambie fundi wa paa mapema. Lita 200 ni kilo 200 za maji, bado chuma chenyewe, na kenchi za kawaida hazikupigwa kwa mzigo huo.

Za gesi ziko pia. Sikukatazi, ila isifungwe ndani ya bafu kamwe. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, na mtu hulala asiamke.

Sasa pacha. Maji ya tenki huhifadhiwa nyuzi 60 ili vijidudu visizaliane humo, lakini joto hilo linababua ngozi ya mtoto ndani ya sekunde chache, na ya sola siku ya jua kali hupita hapo. Dai valvu ya kuchanganyia, ile inayotoa maji ya vuguvugu tu hata mtoto akifungua bomba lote. Usiiache kwa sababu ya bei. Na ile valvu ya usalama pembeni ya tenki ikidondosha matone wakati maji yanapata moto, ndiyo kazi yake. Asitokee mtu akaiziba.

Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, foleni ya kivuko haipo tena, kwa hiyo njoo na pacha siku moja uione ya kwangu ikifanya kazi. Mama anawasubiri. Jana ametoka bafuni ananiambia "wabeja", yaani asante kwa Kisukuma, nikageukia ukutani nisimwonyeshe machozi.

Kabla hujaja, pima mnara wa simtenki lako una urefu gani, na paa kileleni lina urefu gani. Simtenki lazima libaki juu kuliko tenki la sola. Nitumie hivyo vipimo viwili, nianze kuulizia bei.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Nyegezi