Yah: Malalamiko kuhusu nyufa za nyumba yangu zilizotokana na ujenzi wenu kwenye kiwanja cha jirani

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Ujenzi.

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mmiliki wa nyumba inayopakana na jengo la ghorofa mlilolijenga na kumkabidhi jirani yangu. Nimepokea barua ya ofisi yenu inayosema kazi ilishakamilika na kukabidhiwa, na kwamba nikiwa na dai lolote nizungumze na mwenye jengo. Jibu hilo silikubali.

Nianze na ukuta wenyewe. Ukuta wa mbele, karibu na kona iliyo upande wenu, una ufa unaoanzia chini ya paa, unapita kona ya dirisha la chumba cha kulala, kisha unashuka ngazi ngazi ukifuata viungo vya matofali hadi kwenye msingi. Juu ni mpana kuliko chini. Mafundi wenu walipokuwa bado kazini ulikuwa mstari mwembamba tu kwenye lipu. Nilimwita msimamizi wenu, akautazama, akasema ni lipu imekauka vibaya na kwamba wataziba wakimaliza kazi. Hawakurudi. Sasa sehemu yake pana imepita milimita 5, mlango wa chumba hicho haufungi bila kuusukuma kwa bega, na mvua ya upepo inapopiga upande huo maji yanaingia hadi ndani.

Ninyi ndio wenye fani. Mnajua kwamba nyufa za lipu iliyokauka vibaya husambaa juu juu, nyembamba, tena hazijali tofali limeishia wapi. Ufa wa ngazi unaopanuka kuelekea juu, kwenye kona ya nyumba, ni dalili ya kona hiyo kushuka kuliko sehemu nyingine ya msingi. Na upande wa kona hiyo ndiko mlikochimba shimo la tangi la maji, kando kabisa ya mpaka, chini kuliko msingi wangu. Kingo za shimo hazikuzuiwa kwa mbao wala vyuma. Pampu ilitoa maji mchana na usiku, na maji yale yalikuwa ya tope. Pampu inayotoa tope inaondoa na udongo uliobeba msingi wa mtu. Picha za shimo likiwa wazi ninazo, zina tarehe.

Sidai kila ufa. Nyumba yangu si mpya, na kuna nyufa ndogo za barazani zilizokuwepo kabla hamjafika. Hizo ni zangu. Kuzitenganisha na hizi nyingine wala si kazi ngumu, kwa sababu kabla ya kuchimba vijana wenu walikuja na kamera, nikawafungulia kila chumba, wakapiga picha kuta zote na kuandika walichokiona. Niliwashukuru siku ile, nikaona hii ni kampuni inayojua kazi yake. Leo naziomba picha hizo na naambiwa ni kumbukumbu za ndani za kampuni. Kuta zilizopigwa picha ni zangu. Kama picha zinaonyesha ufa huu ulikuwepo tangu mwanzo, zitoeni na dai langu litaishia hapo.

Kuhusu makabidhiano: hati ile mlitia saini ninyi na jirani yangu. Inamaliza yaliyokuwa kati yenu wawili, au hata hayo yanaendelea hadi kipindi cha uangalizi wa kasoro, yaani muda baada ya makabidhiano ambao mjenzi bado anawajibika kurekebisha kasoro, kiishe. Mimi sikuwa sehemu ya mkataba huo na sikusaini popote kwamba ukuta wangu umekabidhiwa salama.

Lakini kinachoniuma kuliko ukuta ni jirani. Tumeishi hapa tukiachiana funguo za nyumba mmoja wetu anaposafiri. Kumbe nilipokuwa naelekezwa na ofisi yenu nikamdai yeye, yeye alikuwa ameelezwa na watu wenu kwamba msingi wa nyumba yangu ulikuwa dhaifu tangu zamani na kwamba natafuta wa kunijengea upya. Tukafikia kusalimiana kwa kichwa tu. Tumekuja kuyajua haya tulipokaa chini hatimaye na kulinganisha tulichoambiwa kila mmoja. Yeye hakushika koleo, wala hakuamua pampu iwashwe saa ngapi. Aliwalipa ninyi mfanye kwa utaalamu kazi asiyoijua. Kumweka mbele yangu kama ngao si haki kwake wala kwangu, na kwa hili nataka ofisi yenu imwandikie na kuyafuta maneno hayo juu ya msingi wangu, isipokuwa kama mnao uthibitisho.

Naomba basi nipewe picha na taarifa ya ukaguzi wa kabla ya ujenzi, mchoro unaoonyesha kina cha tangi na umbali wake kutoka mpakani, na kumbukumbu za kila siku za kipindi cha uchimbaji. Pia mwarifuni kwa maandishi mtoa bima wenu wa madhara kwa watu wengine, kwa kuwa bima nyingi hutaka taarifa mapema na ucheleweshaji wenu usije ukawa sababu ya dai kukataliwa.

Kisha tukubaliane watatu, ninyi, jirani na mimi, juu ya mhandisi mmoja asiye na maslahi kwa yeyote. Msiniletee fundi wa kuziba na kupaka rangi. Kama kona bado inashuka, lipu mpya itapasuka palepale. Kwanza ufa uwekewe alama na upimwe kwa muda, wakati wa mvua na wa ukavu, ndipo ijulikane kama msingi unahitaji kuimarishwa au ukuta kutengenezwa tu. Gharama ya mhandisi ilipeni ninyi kwanza. Akikuta chanzo si kazi yenu, nitawarudishia, na niko tayari kuliandika hilo na kulisaini.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 21 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata nitapeleka shauri kwa msuluhishi, na ikibidi mahakamani, kwa kuwa madai ya namna hii yana ukomo wa muda kisheria na sitakubali muda huo uishie kwenye barua za kuelekezana. Jirani yangu ana nakala ya barua hii na amekubali mhandisi aingie upande wake pia kukagua tangi.

Wenu,
Mmiliki wa nyumba inayopakana

Nakala: Jirani, mmiliki wa jengo