Risala ya Kamati ya Ujenzi kwa Mgeni wa Heshima, parokia ya Wabatisti, Goma

Mheshimiwa Mgeni wetu wa Heshima, Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, mashemasi, wamama, vijana, wanakwaya, na ninyi majirani wa madhehebu mengine mlioitika mwaliko: Bwana asifiwe!

Baba yetu, karibu sana. Tunakushukuru kwa kuacha kazi zako, na zaidi kwa kufika saa ileile iliyoandikwa kwenye barua, jambo ambalo parokia hii haijalizoea kwa wageni wake.

Ombi letu leo ni paa la kanisa hili, ila kwanza historia, tutaipitia mbio. Wamisionari Wabatisti kutoka Uingereza walifika Kongo ya Chini mwaka 1878. Huku kwetu Kivu tulingoja nusu karne: mwaka 1928 misheni ya Wamarekani ilianza kazi Kitsombiro, katika Lubero, na Injili ikashuka polepole hadi Goma. Wazee wetu wanaikumbuka CBK, yaani Jumuiya ya Wabatisti Kivu. Leo ni CBCA, Jumuiya ya Wabatisti Katikati ya Afrika, yenye makao makuu hapahapa mjini. Sisi tulianza na chumba cha sala cha mbao. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipounguza, tarehe 17 Januari 2002, katikati ya mji, waumini waliopoteza nyumba walihamia upande wetu wa magharibi, ibada moja ikawa mbili, na kanisa hili la mawe likajengwa.

Mafanikio ni makubwa mno. Kwaya zimekuwa tano, na tatu kati yake zina gita. Sekretaria ina kompyuta inayofanya kazi vizuri kila siku ambayo umeme upo. Tuna choo cha kisasa cha milango minne, na aliyewahi kuchimba shimo la mita tatu ndani ya lava kwa nyundo na mtarimbo hatatucheka. Tena tangi la maji la lita 40,000 limekwisha, la mawe na simenti, mawe yote yakiwa yamebebwa kwa salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Halina maji yanayofaa, Mheshimiwa, na hapo ndipo tunapofika kwenye paa.

Ukiinua macho sasa utaona mwanga wa jua mahali pasipo na dirisha. Si wizi wala mawe ya watoto. Miaka mingi baada ya 2002 ziwa la lava lilichemka ndani ya kreta ya Nyiragongo, na upepo huusukuma moshi wake zaidi magharibi, yaani kwetu. Moshi huo una gesi za salfa, klorini na floridi. Ukikutana na mvua, mvua inakuwa tindikali. Tindikali inakula zinki iliyopakwa juu ya bati, na zinki ikiisha, chuma kinaliwa na kutu. Huanzia kwenye matundu ya misumari, halafu pale bati linapolalia jingine, kwa sababu majivu hujificha hapo na kubaki na unyevu hata jua likiwaka. Tumeziba kwa lami kila mwaka. Kutu inaendelea kula chini ya lami, kipande kinabanduka, na uchafu wote unashukia tangini. Maji hutoka mekundu na yananuka lami.

Mgeni wa nchi nyingine angeuliza kwa nini tusichimbe kisima. Juu ya lava mvua hupotelea kwenye nyufa, na mji huu hauna kijito. Paa ndilo chemchemi yetu. Lina urefu wa mita 30 na upana wa 15, maana yake milimita moja ya mvua ni lita 450 kabla ya kinachopotea. Na Goma hupata kama milimita 1,200 kwa mwaka. Kisima cha ubatizo kinahitaji lita 7,200, sawa na bidoni 360 za lita 20, ambazo leo zinabebwa kichwani na wamama hawahawa unaowaona. Kwenda Ziwa Kivu, ufuko umejaa viwanja vyenye kuta. Na sisi, Baba, tunabatiza kwa kuzamisha, si watu wa kunyunyiza.

Tuseme ukweli pia: hata paa likiwa jipya, hatutawapa watoto maji hayo kunywa kila siku. Floridi nyingi huyapaka meno rangi ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha maji yanapopungua sufuriani. Ni maji ya ubatizo, kunawa, kufua na usafi wa choo. Mapipa mawili ya lita 200 yatapokea maji ya kwanza ya kila mvua, yenye majivu, nayo yatamwagwa.

Mheshimiwa, wewe si wa kwanza kusomewa haya. Mgeni mmoja alitamka mabati 100 kwenye kipaza sauti hikihiki. Tulipiga makofi, na simu yake tangu siku ile haipatikani. Wa pili alileta 40 kweli, Mungu ambariki, ila yalikuwa BG 32 (kipimo cha unene: namba ikipanda, bati ni jembamba), hata fundi akikanyaga yanabonyea. Ndiyo yaliyotoboka mapema. Wa tatu alituma watu wapime paa. Wakapima. Wakarudi kupima tena. Vipimo ni vilevile, paa halikui.

Kwa heshima zote, tunaomba hivi: mabati 240 ya rangi, BG 28, ya mita tatu, kofia za mgongo wa paa 18 za mita mbili, misumari 4,000 yenye kofia na mpira, mita 60 za mifereji ya plastiki, kwa kuwa mifereji ya chuma italiwa vilevile, na mbao za kubadilisha zile zilizooza, maana msumari mpya haushiki ubao mbovu. Kazi ya mikono ni salongo yetu, fundi tutamlipa kwa matoleo.

Profoma, yaani hati ya bei ya duka, iko ndani ya bahasha uliyopewa. Tunaomba malipo yaende moja kwa moja dukani, si kwa mtu wa kamati, na mabati yahesabiwe mbele ya mashemasi. Paa linaweza kufunuliwa kuanzia Juni, na lazima lifunikwe kabla mvua za Septemba hazijakolea. Kama uwezo ni mabati 60, tuambie 60 leo; tutaanza na upande wa madhabahu. Katibu amesimama mlangoni na kalamu.

Kamati ya Ujenzi