Nitumie kurasa za mwisho

Shoga yangu Shufaa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa hapo nyumbani. Sisi hatujambo, watoto wanakua, Mama Zuhura anakusalimu na bado analalamikia miguu. Habari nyingine za ukoo utazipata kwa Rehema, yeye ana muda na ulimi anao. Mimi nimekuandikia kwa sababu nina shida, na shida yenyewe ni ya kitabu, kwa hiyo usianze kuuliza nani anaumwa.

Vitabu vya marehemu Mwalimu vimegawanywa. Wenye akili zao walichukua makamusi na vile vyenye majalada magumu. Mimi nikaachiwa riwaya za upelelezi na lundo la magazeti ya katuni, maana ilionekana si vitu vya kupanga sebuleni. Nilipokea kwa upole, huku moyoni nikishangilia. Sasa sikiliza. Ndani ya boksi nimekuta Kisima cha Giningi, kile cha Muhammed Said Abdulla cha mwaka 1968, kimechakaa lakini kinasomeka. Nikakishika siku hiyohiyo. Nikapuuza simu, nikapuuza jiko. Nikafika pale ambapo kila mtu kitabuni namshuku, mpaka wale waliopita njia tu, na mpelelezi, Bwana Msa, anavuta kiko chake wala hafungui kinywa. Nikafunua. Nikakutana na jalada la nyuma! Kurasa za mwisho hazipo, zimenyofolewa. Sijui ni watoto, sijui ni mtu aliyekosa karatasi ya kufungia kitu, na sitaki kujua, maana nikimjua nitasema maneno.

Ombi langu ni hili: Baba Mdogo wako alikuwa nacho kwenye lile kabati. Nipigie picha kurasa za mwisho unitumie kwenye simu. Picha, Shufaa. Usinisimulie. Nakujua, utaanza na jina la muuaji halafu ndiyo uulize kama nimekaa vizuri.

Najua utasema, si hadithi tu hiyo, malizia mwenyewe kichwani. Ndicho alichoniambia Hamisi. Ngoja nikwambie kwa nini haiwezekani. Kwenye boksi hilohilo kuna Kufa na Kupona ya Musiba, nayo imelegea gundi, majani yanatoka ukiyagusa. Ningeyakosa ya mwisho nisingelia. Jasusi wake, Willy Gamba, mwenyewe ndiye anayesimulia, "mimi" huyu, sasa atakufaje? Atapigwa, atafungwa kamba, atajifungua, adui atakwisha. Utamu wa Gamba uko njiani. Uko kwenye zile simu za Chifu, zile ndege za kwenda Nairobi, zile hoteli, na nani anamfuata nani. Ukikatishiwa njiani umeshakula chako. Bwana Msa ni jambo lingine. Yeye amelundika kila kitu mwisho. Rafiki yake Najum yuko naye bega kwa bega, anaona anachokiona Msa, na haelewi kitu, na mimi msomaji niko na Najum gizani. Spekta Seif, yule polisi, naye anakimbilia kumkamata mtu wake. Taa inawashwa mwishoni tu. Aliyenyofoa kurasa hizo ameondoka na taa.

Tena kuna zaidi ya hilo, na hapa ndipo nilipokosa usingizi. Unakumbuka Mzimu wa Watu wa Kale? Kile kilichoshinda shindano la uandishi la 1957 na 1958 kikatoka kitabu 1960. Bwana Ali anakutwa amekufa mzimuni, na watu wako tayari kabisa kuamini kwamba mzimu umechukua chake. Msa anakataa. Anasema kwa matendo yake yote kwamba aliyeua ni mtu, ana sababu ya kimtu, na atapatikana. Muhammed Said Abdulla anakutisha kwa imani unazozijua tangu utotoni, halafu katika kurasa za mwisho anakuonyesha mkono wa binadamu uliokuwa nyuma ya pazia. Sasa kisima cha Giningi! Giningi, Shufaa, mji wa wachawi, jina ambalo bibi zetu walikuwa hawalitaji usiku. Bila kurasa zile, wachawi wangu wamebaki wachawi. Nimetiwa hofu, sijatolewa.

Hamisi (ndiyo, tulibishana, unamjua) anasema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevalishwa kanzu. Kiko sawa, rafiki mwaminifu asiyeelewa sawa, polisi mwenye haraka sawa. Hakuna aliyekataa kwamba mwandishi alisoma mambo ya Waingereza. Lakini toa kiko uone kinachobaki. Kinabaki Unguja: watu wanaulizana hali kwanza ndipo waulizane nani kaua, kuna siri za nikaha, mali ya kurithi, mtoto asiyejulikana wa nani. Msa hasaki majivu ya sigara sakafuni kama anavyodhani Hamisi. Anasikiliza watu wanavyozungumza. Anamwacha mtu aseme, aseme, mpaka ajifunge mwenyewe. Na Kiswahili chenyewe jamani! Nimesoma sentensi moja mara mbili kwa raha tu, nikasahau kuna maiti.

Turudi kwa Gamba, maana sikumtendea haki hapo juu. Nilikuwa namchukulia kama mchezo wa wavulana, na kwa sehemu kubwa ni hivyo. Ila safari hii nimemsoma nikiwa na umri. Kitabu ni cha 1974. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, wapigania uhuru wako mjini, na Musiba anaanzisha kisa kwa nyaraka za wapigania uhuru kuibwa. Ile hofu haikuwa ya kubuni. Msomaji wa wakati ule alikuwa anapishana barabarani na watu ambao roho zao zilitegemea nyaraka kama zile. Ukisoma hivyo hata zile risasi zinazomkwepa Gamba unazisamehe. Kikosi cha Kisasi cha 1979 kinampeleka Kinshasa, nacho nimekimaliza kwa pumzi moja.

Nisichokisamehe ni wanawake. Kila anayeingia ni mzuri kuliko aliyetoka, kila mmoja anaelezwa kuanzia shingo kushuka chini, na wengi wanampenda Gamba kabla hajamaliza kutaja jina lake. Ukurasa wa arobaini nikawa nawachanganya. Ndiyo maana mimi ni wa Mtobwa, na nitabaki wa Mtobwa. Mpelelezi wake, Joram Kiango, naye ni mtanashati, naye ana wake wa kumkodolea macho, sikatai. Lakini katika Tutarudi na Roho Zetu? yuko Nuru, na Nuru anafikiri. Anamtazama Joram na kumpima, na kuna mahali nilihisi angeweza kuifanya kazi yote peke yake huku Joram akivuta sigara zake. Halafu mtu aliyeita kitabu Tutarudi na Roho Zetu?, na alama ya kuuliza juu, huyo alijua kazi yake. Na Najisikia Kuua Tena. Unakiacha vipi dukani kitabu chenye jina hilo?

Katuni sasa, nisikuchoshe. Magazeti ya Sani yalikuwa mengi na nimecheka mpaka Mama Zuhura akaja kuchungulia mlangoni. Madenge na utundu wake, Ndumilakuwili, Lodi Lofa na maringo ya mtu asiye na kitu mfukoni. Baadhi ya vichekesho vimezeeka vibaya, vile vya kumcheka mke hasa, nilivipita harakaharaka. Kilichonishangaza ni jinsi mchoro unavyofanya kazi ambayo riwaya ingeihitaji ukurasa mzima. Lodi Lofa akisimama tu, kabla hajasema neno, umeshajua anadanganya.

Ila nikajiuliza, je, Bwana Msa angewezekana kwenye katuni? Sidhani. Mwandishi anaweza kuniambia "mtu mmoja aliingia" na nisimjue. Mchoraji lazima ampe huyo mtu pua. Atamfunika uso, atamweka kivulini, na akifanya hivyo tu nimeshajua ndiye. Labda kuna mchoraji aliyelitatua hili, ukimjua nitajie.

Mtoto wa Rehema kaniletea pia Shujaaz kutoka Nairobi, za miaka ya mwanzo, ilianza 2010. Nilitaka kuzichukia. Nilishaambiwa zinafundisha, na mimi kitabu kikianza kunifundisha nafunga. Tena ni Sheng, nikawa nadakia hapa na pale. Lakini huyu Boyie, kijana asiye na ajira anayeendesha redio ya siri chumbani kwake bila watu kujua ni yeye, amenishika. Kuna kisa cha kupaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue, na nimeingia ndani nikiamini nasoma vituko vya vijana, nikatoka najua ufugaji. Nikaudhika kidogo. Si matoleo yote yanaficha somo vizuri hivyo, mengine unasikia harufu ya semina tangu picha ya kwanza. Bado, ningependa kuona Sani yenye akili ile ya hadithi na Shujaaz yenye uchokozi wa Sani.

Rehema yeye amehamia kwenye hadithi za simu, zile za "sehemu ya kumi na tisa, itaendelea", unalipia ndipo utumiwe inayofuata. Nilisoma moja ya jini aliyeoa. Ukiondoa kelele, mwandishi ana kipaji, anajua kukata pale pale moyo unapodunda. Nikamwambia Rehema angalau wewe aliyekuteka unamjua na bei yake unaijua. Mimi nitamlipa nani?

Nina mtu wangu ninayemshuku lakini, nikwambie. Simtaji hapa. Nimeliandika jina kwenye kikaratasi na kukibana ndani ya jalada, ili ukinitumia picha nijue kama mimi ni Msa au ni Spekta Seif. Hamisi anasema hata nikipatia itakuwa bahati. Haya.

Sasa nijibu. Lile kabati la Baba Mdogo bado lipo, na ufunguo anao nani siku hizi? Kitabu kilikuwa kizima, au nacho kilipita mikononi mwa wale watoto? Wewe mwenyewe ulikisoma mpaka mwisho, au ulifanya kawaida yako ya kuanzia mwisho? Siri ya Sifuri, ile nyingine ya Bwana Msa, mnayo? Je, Simu ya Kifo ya Katalambulla uliimaliza, au Inspekta Wingo alikushinda? Nani alibaki na Dimbwi la Damu yangu, ile ya Mtobwa, ni wewe au ni Hamisi, maana kila mmoja ananitajia mwenzake? Bado unasema Joram ni bora kwa Neema, mwenzake wa vitabu vingine, kuliko kwa Nuru, au umepata akili? Na unasoma nini sasa hivi, kitu chenye maiti au umeokoka?

Nijibu upesi.

Shoga yako,
Tatu

N.B. Ukipiga picha, usikate pembe za chini, namba za kurasa ziko huko. Na anza kupiga kurasa kadhaa kabla ya mwisho, maana sina hakika aliyenyofoa aliishia wapi.