Salamu za Shukrani: Msiba wa Baba Yetu, Kiponda, Unguja

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sisi watoto, wakwe na wajukuu wa marehemu, tulioko Muscat, Dubai, London na Unguja, tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kila hali, kisha tunakushukuruni nyote mliokuwa nasi tangu Baba alipougua ghafla hadi hitima ya siku ya tatu. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Wengi mmeuliza ilikuwaje mzee aliyehama miaka ya sitini akaja kufia Unguja. Baba alizaliwa Kiponda mwaka 1942, akasoma King George VI, skuli ambayo nyinyi mnaiita Lumumba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 aliondoka, akapita Mombasa, akakaa Dubai, na Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika, naye akenda Muscat. Huko ndiko alikotuzaa na kutulea, na Kiswahili hiki tunachoandikia ni chake. Kila mwaka alikuwa akisema "mwakani nakwenda", na kila mwaka pakizuka la kumzuia: mara ada za skuli, mara maradhi ya Mama (Mungu amrehemu), mara uchaguzi. Safari hii hakutushauri. Tulipokuja kujua, tiketi keshakata, ikabidi wengine tumfuate.

Shukrani za mwanzo ziende kwa mwenye nyumba wa Kiponda. Ametukataza kumtaja jina, na tunamtii. Ndiyo nyumba aliyozaliwa Baba, na si yetu tena tangu zamani hizo. Wanaojua habari za nyumba za Mji Mkongwe, nyingi zilivyochukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi, watafahamu kwa nini sisi watoto tuliona haya hata kupiga hodi. Baba alipiga. Mlango ulipofunguliwa akasema, "Nimekuja kuangalia tu, mwanangu, sidai kitu." Akajibiwa, "Hata ungedai, chai ungekunywa kwanza. Pita ndani, mzee wangu."

Ngazi za nyumba ile zimesimama wima, na pembeni pana kamba ya kushikilia. Sisi tuliing'ang'ania. Yeye alipanda taratibu, mkono ukutani, na alipofika karibu na juu akakivuka kidato kimoja bila kukikanyaga. Kijana wa nyumba akaangua kicheko: kile kidato ni kibovu na wenyeji wote hukiruka. Baba akauliza, "Mpaka leo hamjakitengeneza?" Kuanzia hapo wakawa watu wa kutaniana.

Haikupita muda kifua kikambana usiku. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Hospitali ya Mnazi Mmoja waliohangaika naye mpaka amri ya Mungu ilipofika. Na hapo ndipo tulipobabaika, maana tulikuwa wageni, tumepanga vyumba hotelini, na msiba hauwekwi hotelini. Mwenye nyumba alikuja hospitali mwenyewe, bila kuitwa, akatuambia neno moja: "Mzee atatoka kwake." Baba akaoshwa uwani kwao, akakafiniwa ukumbini, akatolewa kwa mlango ule ule alioupigia hodi. Mke wa mwenye nyumba alitoa vitanda vyote vya juu ili kina mama wapate pa kukaa. Wanaume walikaa barazani, na kahawa haikukatika siku zote tatu. Ndugu wa damu wangapi wangefanya hivyo?

Na kwa kuwa maneno hayakosekani, waliosema kwamba tumeutumia msiba ili turudishiwe nyumba tunawajibu hapa mara moja: hatudai, wala hatutadai. Anayetaka kututia fitina na watu wale atafute shughuli nyingine.

Shukrani kubwa pia kwa Mwalimu Mkuu, walimu na wanafunzi wa Lumumba. Baba aliomba kuchungulia tu darasa moja, akapewa kiti na kipindi kizima. Aliwasimulia vijana jinsi walivyokuwa wakisimamishwa juu ya benchi kwa kuchelewa, na wao wakamwambia adhabu za siku hizi, wakabishana ipi afadhali. Tulipomtoa pale alikuwa amechoka hoi na amefurahi. Siku ya maziko tuliwaona vijana wale wale wamekuja na sare zao, wanapokezana jeneza pamoja na wazee. Hakuna aliyewatuma. Wazazi wao wana haki ya kujua.

Tunamshukuru Imamu na jamaa wa msikiti wa mtaa, waoshaji, waliochimba kaburi Mwanakwerekwe na madereva waliokataa nauli, ndugu wa Pemba waliovuka kwa boti usiku kucha, majirani waliopika, na nyote mliotuma ubani kutoka Oman, Uingereza na Kanada. Kaka yetu ambaye ndege yake ilichelewa na kaburi akalikuta limeshafukiwa anawashukuru waliokaa naye usiku ule. Ambaye hatukumtaja asituhisabie ubaya.

Hitima ya arobaini itasomwa Kiponda na Muscat siku moja, baada ya sala ya Alasiri, Inshaallah, na tarehe tutawajulisha. Mwenye kumdai marehemu chochote, kidogo au kikubwa, hata kama ni deni la kabla hajahama, amuone mtoto wake mkubwa, atalipwa. Na ambaye marehemu alimkosea tunamuombea radhi.

Sufuria mbili kubwa na sinia moja la shaba bado zipo ukumbini Kiponda. Wenyewe wapite wachukue, na wakifika juu wakiangalie kidato.