Mwanangu, usiku ule tulimwitikia bibi yako

Bagamoyo, Jumatatu usiku

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo. Mguu wa baba yako umepungua kuvimba, na mwembe wa uani umeanza kudondosha.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mama, bibi alikuwa hasemi wala hafumbui macho, zile sala za usiku kucha zilimfaa nini?" Nikakukatiza. Haikuwa hasira. Nilikuwa jikoni, wafiwa wamejaa, na jibu lake si la kusemea jikoni.

Nianze na kosa langu. Bibi yako alitaka padre tangu wiki ya kwanza, mimi nikawa napiga danadana, leo kesho. Niliogopa majirani wakimwona padre na kichupa cha mafuta wataanza kutandika mikeka. Ni mazoea ya enzi ulipoitwa mpako wa mwisho. Siku hizi ni Mpako wa Wagonjwa. Tangu utaratibu wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1972, hata anayekwenda kupasuliwa kwa ugonjwa mzito huupokea, na hali ikizidi kuwa mbaya hurudiwa. Haya nimewafundisha watoto wa komunyo ya kwanza miaka chungu nzima, na bado nikawa mwoga. Mwishowe akaniambia mwenyewe, "Unamficha nani? Mgonjwa si mimi?"

Padre akaja Alhamisi. Akampaka mafuta kwenye paji la uso, kisha viganjani. Viganja vyake unavijua, vimesuka ukili tangu usichana wake. Mafuta yakabaki yanameta kwenye nyufa. Halafu Komunyo, ambayo kwa mtu aliye safarini namna ile huitwa viatiko, yaani masurufu ya njiani. Kumeza kulishamshinda. Padre akamega kipande kama chenga ya mchele, nami nikamnywesha kwa kijiko cha maji. Nilimkazia macho kooni mpaka kikapita.

Tangu Ijumaa hakusema tena. Jioni jumuiya ikajaa chumbani, tukaanza rozari, matendo ya uchungu. Sasa sikiliza. Salamu Maria husaliwa kwa kupokezana: mmoja anaanza, wengine wanaitikia. Kwenye kuitikia ndiko kuliko na "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Bibi yako ameitikia hivyo kwenye misiba ya watu tangu akiwa msichana. Usiku ule, "sasa" yake na "saa ya kufa" yake zilikuwa zimekutana, na kinywa hakina nguvu. Tukamwitikia sisi.

Unakumbuka alivyokuwa akiwapeleka misheni mkiwa wadogo? Wageni wanapiga picha mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874, yeye anapitiliza hadi makaburini, kwa wamisionari wa mwanzo, wengine vijana kabisa, homa imewamaliza. Siku moja kijana mtembeza wageni akawa anasimulia Livingstone alivyokutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda, peke yake. Bibi akatikisa kichwa: "Maskini. Kusali alisali, ila hakuwa na wa kumwitikia." Mimi nilicheka siku ile.

Yapata saa tisa usiku katekista alikuwa anasoma Litania ya Watakatifu, usingizi umemlemea, akamruka Mtakatifu Yosefu. Kidole cha bibi kikagonga godoro. Baba yako anasema ni mishipa tu. Inawezekana. Lakini Yosefu ndiye msimamizi wa wanaokufa, na mama yangu hakuwahi kumvumilia mtu anayeruka. Katekista akarudi nyuma, akamtaja.

Jirani yetu wa nyumba ya pili, yule Bi Mkubwa, hakutoka. Yeye Mwislamu, sala zetu hazijui. Alishika pamba na bakuli la maji, akawa anamloanisha midomo. Aliniambia tu, "Mnamsindikiza vizuri."

Adhana ya alfajiri ikisikika, pumzi zikaanza kuachana. Katekista akanipa kitabu: "Soma wewe, ni mama yako." Ni ile sala inayoiambia roho iondoke duniani kwa jina la Baba aliyeiumba, la Mwana aliyeteswa kwa ajili yake. Sikufika kwa Roho Mtakatifu. Sauti ilinikatikia, chumba kizima kikamalizia. Baadaye kidogo mtu mlangoni akasema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana," nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiitikia.

Siku yangu ikikaribia, usinipigie danadana. Mwite padre mapema, maana mpako ni kazi yake peke yake. Akichelewa usikae umekunja mikono. Sala hizi nyingine Mkristo yeyote anaziongoza, na wewe kusoma unajua.

Rozari yake nimempa kondakta wa basi la kesho asubuhi, imo kwenye bahasha ya kaki pamoja na kanga yake ya mwisho. Kwenye fungu la nne pana punje moja ilipotea zamani. Bibi alifunga fundo la uzi mweusi mahali pake. Ukifika hapo, fundo nalo lihesabu.

Mama yako