Risala ya Chama cha Kiswahili kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Mijadala na Ughani, Bungoma

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, wanachama wa Bodi ya Usimamizi, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzangu, hamjambo.

Salamu nimezifupisha makusudi. Sote tunazijua hafla za huku kwetu. Mtu hushika kipaza sauti akamtaja chifu, naibu wa chifu, mwakilishi wadi, wazee wa mtaa na mashemeji waliotoka mbali, na anapolifikia neno aliloitiwa, macho ya watu yamekwisha kuhamia kwenye sufuria. Tuliona si vyema risala kuhusu uzungumzaji ianze kwa kosa hilo.

Kwa niaba ya Chama cha Kiswahili cha shule hii, karibu sana, Mama. Wenzetu wa kutwa huisikia sauti yako redioni ndani ya matatu kila asubuhi wakija shuleni, na leo wamewahi viti vya mbele kuliko siku zote.

Mwaka huu chama kilijiwekea kazi moja tu: kumwezesha kila mwanachama kusimama mbele ya watu na kusema akasikika. Tulipoanza, wengi wetu tuliamini jukwaa lina wenyewe. Shuleni huwa hivyo. Gwarideni anayesoma habari ni yule yule, siku ya wazazi mfawidhi ni yule yule, na akihitajika mtu wa kutoa shukrani kwa wageni, walimu hawajiulizi mara mbili. Halafu sisi wengine tunasema ana kipaji. Huenda anacho. Lakini pia amesimama mara nyingi kuliko sisi, na hilo halitajwi.

Turuhusu tukusimulie kidogo tulivyofanya. Mwanachama mmoja wa Kidato cha Pili alipewa shairi la beti nne alighani. Karatasi ilimtetemeka mkononi hadi mchakacho wake ukasikika kwenye kipaza sauti, na kadiri alivyousikia ndivyo alivyozidi kutetemeka. Hatukumwambia "usiogope", kwa maana neno hilo halijamsaidia mtu yeyote. Tulimpa jalada gumu la daftari aweke karatasi juu yake. Mkono uliendelea kutetemeka, ila karatasi ikanyamaza, naye alipoona hakuna anayegundua, akafika ubeti wa nne. Leo utamsikia katika kundi la pili.

Mwalimu wetu wa Biolojia alitueleza yanayotokea mwilini wakati huo. Mwili unamwaga homoni ya adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inaelekezwa kwenye misuli, mate yanakauka na pumzi inapanda juu kifuani. Yaani mwili umejiandaa kupigana au kutoroka, ilhali kinachotakiwa ni kusema "habari za asubuhi". Jibu la moyo kwenda mbio hatukulipata. La pumzi tulilipata. Tulilala chali hapa ukumbini, kila mtu na kitabu juu ya tumbo, tukavuta pumzi hadi kitabu kikapanda na mabega yakabaki sakafuni. Hivyo ndivyo kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kinavyofanya kazi yake, na sauti inayotoka hapo humfikia wa mstari wa nyuma bila mtu kupiga kelele. Wapita njia walituona wakadhani tumezimia, lakini mazoezi hayo tuliyashika.

Jambo lililotushinda kwa muda mrefu zaidi ni kunyamaza. Msemaji asiyezoea akifika jukwaani huanza kusema kabla miguu haijatulia, na sentensi yake ya kwanza hupotelea katika kelele za viti. Siku hizi tunafika, tunasimama, tunawatazama watu watatu walioketi pande tofauti, tunavuta pumzi, ndipo tunaanza. Na hatuanzi kwa "mimi si msemaji mzuri, mtanisamehe". Msikilizaji hakuwa amejua, basi umemwambia wa nini?

Hapa, Mheshimiwa, tulijifunza kwa wazee wetu kuliko tulivyojifunza vitabuni. Wabukusu wana khuswala kumuse, ile hotuba inayotolewa katika matanga ya mzee wa heshima. Mwenye kuitoa hushika fimbo, akaenda na kurudi katika uwanja ulioachwa wazi, akitaja koo, akieleza walikotoka watu, akionya na kushauri. Waombolezaji hukaa kitako wakatulia. Hana karatasi. Hana haraka pia. Kazi hiyo ina koo zake na heshima zake, na si ya kuigizwa ovyo na wanafunzi, wala hatujathubutu. Tulichokichukua ni namna uwanja unavyotumika. Mzee hapiti pale kwa kuwa miguu imechoka kusimama. Mwendo wake ni sehemu ya maneno yake. Sisi tulikuwa tunayumba kushoto na kulia papo hapo, na tulipoangalia video tuliyopigwa kwa simu ya mwalimu, hakuna aliyehitaji kukosolewa na mwenzake.

Tunaye pia marehemu Michael Kijana Wamalwa, Makamu wa Rais mwaka 2003, mzaliwa wa upande huu wa Kimilili, ambaye Bungeni alisifika kwa ufasaha na ucheshi. Tunamtaja kwa sababu vijana wa huku huambiwa tuna mikono ya kulima na miguu ya mpira, kana kwamba ulimi tuliachiwa wa kulia chakula tu.

Na kuhusu ulimi, lipo jambo ambalo huenda wazazi hawalijui. Kinachowanyamazisha wanafunzi wengi katika shule za eneo hili si uoga wa jukwaa. Ni kuchekwa kwa kushrabu. Mtoto akisema "papa" badala ya "baba", au "tawa" badala ya "dawa", darasa zima huangua kicheko, na mtoto huyo hainui mkono tena mpaka muhula uishe. Chamani tuliweka sheria: wakati wa mazoezi, anayecheka matamshi ya mwenzake ndiye atakayesimama baada yake. Kicheko kilikwisha upesi. Matamshi yenyewe hatukuyapuuza, kwa kuwa kwenye tamasha majaji huyatazama, na tunayarekebisha wawili wawili pembeni. Lakini maoni yetu ni kwamba mtu mwenye jambo la kusema na lafudhi nzito anasikilizwa kuliko mwenye lafudhi ya televisheni asiye na la kusema.

Mheshimiwa, shida zetu si nyingi, ila zina uzito.

Ya kwanza ni mtihani. Katika KCSE, fasihi simulizi imo katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, nayo tunaijibu kwa kalamu, kimya kimya, tukiwa tumeinamia madawati. Mtu anaweza kueleza sifa za mtambaji bora akapata alama zote na hajawahi kutamba hadithi. Hilo haliko mikononi mwako wala mwa Mwalimu Mkuu. Kilicho mikononi mwa shule ni kipindi kimoja kwa wiki ambacho kila darasa litasikiliza wanafunzi wake kwa zamu, kwa kufuata daftari la majina, ili hata asiyejitokeza zamu yake imfikie. Tunaomba utusemee hapo.

Ya pili iko juu ya vichwa vyetu. Ukumbi huu una mabati bila dari. Mvua ya Bungoma hupenda alasiri, na ikianza hakuna pumzi ya kiwambo wala kipaza sauti kitakachoishinda. Ndiyo sababu shughuli ya leo imepangwa asubuhi, na ndiyo sababu mazoezi yetu, ambayo ni baada ya masomo ya jioni, hukatika katikati kila msimu wa mvua. Tunaomba mchango wako, na wa wazazi waliopo, tuweke dari.

Ya tatu ni kipaza sauti. Kilichopo ni cha kuazima, na waya wake hukatika usipoushika kwa kidole mahali fulani. Tukipata viwili vyetu wenyewe, tutafanya mazoezi ya kukishika: umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, na kutokielekeza kwenye spika kisije kikapiga ule mlio wa kuziba masikio. Hatuombi vikombe wala fulana.

Mwisho, tuna ombi lisilo na gharama. Wewe husema kila siku na watu usiowaona, wala hupigiwi makofi kukujulisha kwamba umeeleweka. Wanachama wangependa kukuuliza unajuaje. Ratiba inaonyesha nusu saa baada ya chakula cha mchana, na katibu ameandaa madawati chini ya mwembe ulio nyuma ya maktaba. Risala nimeisoma kwa karatasi kama desturi inavyotaka. Maswali yatakuja bila karatasi.

Nakukabidhi nakala hii, Mama, na kundi la kwanza la waghani linajiandaa kupanda.

Ni sisi,
Wanachama wa Chama cha Kiswahili